Kazi ya Kunusa Kule Walthamstow

Siku yangu ya kwanza kazini nilirudishwa nyumbani kwa sababu ya kunukia. Nilikuwa nimeoga vizuri, nimejipaka losheni ya waridi, nimevaa gauni la kanisani, kwa maana nilifundishwa kwamba mtu huanza kazi akiwa nadhifu. Nikabisha hodi kwenye karakana moja nyuma ya nyumba za mtaa, karibu na soko la Walthamstow. Akafungua bibi wa Kitaliano, mfupi, kajifunga kitambaa kichwani kama mama zetu wanapokwenda shamba. Hakunisalimia. Alinishika mikono akainusa, akanusa na shingo yangu, kisha akatikisa kichwa.

"Nenda kaoge kwa maji matupu," aliniambia. "Urudi ukinuka mtu."

Nilipanda basi huku chozi likinilenga. Kwetu mtu akikwambia ukaoge amekutukana matusi ya nguoni. Lakini kesho yake nilirudi, bila losheni, bila mafuta ya nywele, hata nguo nimezisuuza mara ya pili kuondoa sabuni. Yule bibi akaninusa tena, akanipa aproni. Ndivyo nilivyoanza kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu, na ambayo vijana wengi wa hapa London wakinisikia naitaja hudhani natania. Nilikuwa mchambuzi wa majani katika nyumba iliyotengeneza amaro, na chombo changu cha kazi kilikuwa pua.

Amaro ni kileo cha Kitaliano kinachotengenezwa kwa mizizi, majani na maganda, na jina lenyewe kwa lugha yao maana yake ni chungu, basi. Watu hunywa kidogo baada ya kula ili tumbo litulie. Mimi ni Msabato, Mpare wa milimani, nimelelewa katika nyumba ambayo hata chai ya rangi iliangaliwa kwa jicho la shaka. Mtauliza nilifikaje huko.

Nilifikishwa na Bwana Jayanti, Mhindi wa Harrow aliyezaliwa Same, ambako baba yake alikuwa na duka la vitambaa. Mimi nilikuja Uingereza kumfuata mume wangu aliyekuwa akisomea uuguzi, nikawa nafagia maofisi. Siku moja niliingia dukani kwa Bwana Jayanti kununua iliki, nikamwambia kwa Kiswahili kwamba mdalasini wake wa gunia la chini umeanza kushika unyevu. Akafungua gunia, akakuta kweli. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Dada Nakijwa, wewe una pua! Kuna family moja ya Kitaliano Walthamstow, mimi ndiye nawapelekea viungo. Wanatafuta mtu wa kuchambua. Part-time kwanza. Utaenda?"

"Wanatengeneza nini?"

"Dawa ya tumbo," alisema, macho kayapeleka dirishani.

Sikumsamehe kwa hilo mpaka miaka mingi ilipopita, na hata sasa nikikutana naye namkumbusha. Nilikwishafanya kazi wiki nzima kabla sijajua kuwa dawa yenyewe inalowekwa kwenye spiriti. Nikaenda kwa mzee wa kanisa kutaka ushauri. Akasema nitafute kazi nyingine. Nikamwambia akinipatia hiyo nyingine nitaiacha hii siku hiyohiyo. Hakunipatia, na watoto walikuwa wanataka kula. Nikampelekea yule bibi wa Kitaliano masharti yangu mawili, kwamba sitaonja na Jumamosi sitakuja.

"Kuonja sikuhitaji," alinijibu. "Na Jumamosi ni siku ya Mungu wako, Jumapili ni ya Mungu wangu. Tutagawana."

Huyo ndiye alikuwa mkuu wangu wa kwanza. Wote tulimwita Nonna, yaani bibi kwa kikwao, na hata wateja walimwita hivyohivyo. Amaro ilikuwa yake. Mama yake aliitengeneza jikoni, katika kijiji cha milimani kaskazini mwa Italia, kwa ajili ya watu wa nyumbani waliovimbiwa majira ya baridi. Nonna alipoolewa na kumfuata mumewe London, ambako mume alikuwa na mkahawa mdogo, alibeba mizizi ile kwenye mkoba pamoja na nguo za mtoto. Mwanzoni aliloweka kwenye mitungi aliyoipanga chini ya kitanda. Mteja akimaliza kula, alipewa kigilasi kimoja bure. Wateja wakaanza kuja kwa ajili ya kile kigilasi kuliko chakula, na mume alipofariki mkahawa ukafungwa, lakini mitungi ikahamia karakana.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe ilivyokwenda, maana kila nikisema "kutengeneza kileo" watu hufikiria mitambo na moshi. Hatukuwa na mtambo. Spiriti tuliinunua tayari, safi, isiyo na ladha. Karakana ilikuwa na vyumba viwili. Chumba kikavu kilikuwa changu, majani yamening'inia darini, mizizi kwenye masanduku ya mbao, viungo vya Bwana Jayanti kwenye makopo. Kazi yangu ilikuwa kuchambua, kutoa kilichooza, kukata na kupima. Chumba cha pili tulikiita chumba cha maji, na humo mlikuwa na mitungi ya kioo ambayo mtoto angeweza kujificha ndani yake.

Katika kulowekwa, kila kitu kiliingia kwa zamu. Kwanza iliingia mizizi, hasa mzizi ule wa njano wa milimani kwao, mchungu hadi ukiugusa vidole vinabaki vichungu siku nzima. Mizizi ni migumu, hukaa muda mrefu. Kisha maganda ya machungwa machungu, mdalasini, karafuu na shamari. Mwisho kabisa majani, na mkubwa wa majani alikuwa pakanga, ileile ambayo bibi zetu wengine waliichemsha kwa ajili ya minyoo. Pakanga ina tabia mbaya. Ukiitoa mapema haijasema kitu, ukiichelewesha inawafunika wenzake wote na kuacha uchungu wa vumbi. Na haina saa yake. Mwaka wa joto hutoka upesi, mwaka wa baridi hujikokota. Unafungua mtungi, unanusa, unafunga, unangoja. Harufu ikibadilika kutoka ya majani mabichi kuwa ya nyasi zilizokauka juani, hapohapo unayatoa. Ukienda kunywa chai kwanza umeharibu.

Baada ya hapo tunachuja kwa kitambaa cha pamba, tunazimua kwa maji, tunatia sukari iliyounguzwa kwa ajili ya rangi, na kufunga yote kwenye pipa likae hadi majira ya majani kupukutika.

Nonna alinifundisha kunusa kwa viganja. Unachovya vidole, unasugua viganja mpaka spiriti ipae, halafu unafunika pua kwa mikono miwili. Kinachobaki ni majani yenyewe, bila ulevi na bila utamu.

"Ulimi mpe sukari kidogo tu, utakuambia kila kitu ni kizuri," alikuwa akisema. "Uliza mikono."

Kwa hiyo nilifanya kazi ya amaro miaka yote bila tone kupita midomoni mwangu, na sikuona kama napungukiwa. Bibi yule alikuwa mkali, mbishi, na mchoyo wa sifa kutushinda sisi Wapare tunaosemwa kwa ubahili. Nilimpenda sana.

Jambo kubwa la mwaka lilikuwa Siku ya Kufungua. Pipa lilifunguliwa mbele ya wote, wafanyakazi na jamaa, na Bwana Jayanti hakukosa, na sambusa zake. Mkuu wa nyumba alichovya vidole, akasugua, akanusa. Kisha alisema neno moja la kikwao, ambalo kwa Kiswahili ningelisema "Ndiye", kama mtu aliyemtambua ndugu yake stesheni. Neno hilo lilisemwa na mtu wa damu yao tu. Kabla halijasemwa hakuna chupa iliyojazwa. Na kama si yeye, pipa lilimwagwa. Nonna aliniambia aliwahi kumwaga mara moja, alipokuwa bado kijana, na kwamba aliumwa wiki nzima kwa uchungu.

Nonna alipofariki, ukuu ulimwangukia mwanawe, Bwana Ettore. Huyu alikuwa mkuu wangu wa pili na nilikaa naye muda mrefu kuliko wote. Mrefu, mpole, mwenye mikono mikubwa, aliyeniita Signora, yaani mama kwa heshima, hata pale tulipokuwa tunagombana. Alikuwa na pua kumshinda mama yake. Nilishawahi kumwona akisimama mlangoni, kafumba macho, akiniambia gunia lipi limefunguliwa leo. Nikija na harufu ya kitunguu vidoleni alikuwa akiguna, "Signora, jana umepika nini, tufe?" nami nikimjibu kwamba yeye ananuka sigara za jirani. Tuliheshimiana. Mke wake alikwishatangulia, na mtoto wao mmoja, Carla, alikuwa mjini akifanya kazi ya bima. Carla alikua miguuni mwangu katika kile chumba kikavu, akiniita Zia, yaani shangazi.

Ukaja ule ugonjwa wa barakoa. Bwana Ettore aliugua, akalazwa, Mungu akamrudisha. Alirudi kazini amekonda, lakini akiniita Signora vilevile, nami nikashukuru.

Niligundua siku ya kuunguza sukari. Alikuwa amesimama karibu na sufuria, kaipa mgongo, anaongea na simu. Mimi nilikuwa chumba kile kingine, nikasikia harufu ya sukari iliyopitiliza, nikakimbia. Sufuria ilikuwa inafuka. Yeye alikuwa bado anaongea, ametulia. Alipogeuka na kuuona moshi kwa macho, uso wake ukabadilika rangi.

"Bwana Ettore, hukusikia harufu?"

"Nilikuwa na mawazo," alisema.

Niliiondoa sufuria motoni. Nilimhurumia, na pia niliogopa, nikawa namwangalia kwa siri kama mtu anavyomwangalia mzazi anayeanza kusahau majina. Kwenye Siku ya Kufungua akasugua viganja, akafunika pua, kisha juu ya vidole vyake macho yakanitafuta mimi. Nilikuwa karibu na pipa, harufu imenifikia, ilikuwa nzuri, na bila shaka uso wangu ulionyesha. Akasema, "Ndiye." Watu wakapiga makofi. Mwaka uliofuata alinitazama tena. Hatukuwahi kuzungumza juu yake. Mimi nilijua, yeye alijua kuwa najua, na amaro ilikuwa nzuri kweli, kwa hiyo neno lake halikuwa la uongo. Majani niliyatoa mimi mwenyewe miaka yote miwili.

Kisha Carla akaacha bima akarudi nyumbani. Alikuwa amechoka na ofisi, na aliona baba anazeeka. Wakati huohuo walikuja watu wanaotaka kiwanja cha karakana wajenge fleti. Alinifuata chumba kikavu, akakaa juu ya sanduku kama alivyokuwa akikaa utotoni.

"Zia, mwaka huu nitatengeneza mimi, tangu mizizi," aliniambia. "Baba akisema Ndiye, nabaki hapa maisha yangu yote. Akisema siye, tunauza. Sitaki kubahatisha na kitu cha Nonna."

"Umemwambia baba yako hivyo?"

"Nimemwambia. Amesema ni haki."

Carla alifanya kazi kwa moyo. Alinusa kila mzizi, alinisumbua kwa maswali, alikata maganda mpaka mikono ikachubuka. Lakini spiriti ilichelewa kuletwa, na zamu zote zikasogea, na majani yakaingia katikati ya wiki. Ijumaa mchana nilifungua mtungi, nikanusa, bado mabichi. Nilijua yataiva kesho. Kesho ilikuwa Sabato. Carla alikuwa na safari ya kwenda kwa wateja Jumamosi hiyo, na kabla hajaondoka baba yake akamwambia, mbele yangu, "Nenda, mwanangu. Majani nitayatoa mimi."

Nilimtazama. Hakunitazama. Jua lilikuwa linakaribia kuzama, na Sabato huanzia hapo, nikavua aproni, nikaenda nyumbani.

Jumatatu asubuhi niliyakuta yale majani kwenye sinia. Yalikuwa yamepauka, laini, kama majani ya chai iliyochemshwa mara tatu. Nikayanusa. Kila kilichokuwa ndani yake kilikwishatoka na kubaki mtungini. Carla, kwa kumwamini baba yake, alikuwa amekwishachuja asubuhi na mapema bila kunusa, akafunga kwenye pipa, na kwa mila yao pipa likifungwa halinuswi tena hadi siku yake. Bwana Ettore alikuwa ameketi chumba cha maji peke yake.

"Uliyatoa lini?" nilimwuliza.

"Nilikaa hapa Jumamosi yote, Signora. Nafungua, nanusa, nafunga. Nilisema labda mara hii itakuja. Labda pua inataka nafasi tu. Nikangoja harufu ibadilike." Akafungua mikono yake mikubwa. "Haikuja. Nikayatoa Jumapili, baada ya kanisa."

Niliketi karibu naye. Tulikaa hivyo, wazee wawili na mitungi. Nilimwonea huruma.

"Mwambie Carla," nikasema.

"Nimwambieje? Kwamba mimi ndiye nimemharibia? Kwamba nyumba haina pua?" Akanigeukia. "Signora, labda si mbaya sana. Wateja hawatajua. Siku ya Kufungua nipe tu uso wako kama kawaida. Nitasema neno, mtoto atabaki, nyumba itabaki. Mwaka ujao utayatoa wewe."

Vijana wangu, hapo ndipo nilipopata mtihani mgumu wa kazi kuliko yote. Nikikubali, Carla anabaki, nami kibarua changu kinabaki. Nikikataa, huenda ningeiona karakana ya Nonna ikigeuzwa fleti. Lakini nilimfikiria yule binti akijenga maisha yake yote juu ya pipa bovu, akidhani ndivyo amaro inavyotakiwa kunuka. Angelifundisha pua yake uongo, na baada yangu na baba yake hakuna ambaye angemrekebisha.

"Bwana Ettore," nilimwambia, "mwaka huu uso wangu siukopeshi."

Alikasirika. Katika miaka yote sikuwahi kumwona vile. Aliniambia nimekula mkate wa nyumba hiyo, kwamba mama yake alinitoa kwenye kufagia, kwamba dini yangu imenifanya niwe na moyo wa jiwe. Hilo la mwisho lilinichoma, maana nilipokuwa nikimkatalia nilikuwa nalia. Tangu siku hiyo hakuniita Signora. Alinisalimia kwa kichwa tu, miezi yote ile, na karakana ilikuwa baridi kuliko nje. Carla aliuliza kuna nini, nikasema wazee wana mambo yao.

Siku ya Kufungua ilipofika sikuwa nimelala. Nilijua la kufanya ni moja tu, nilikwenda nikasimama mbali, karibu na mlango, nikainamisha macho sakafuni. Bwana Jayanti akanisogelea na sinia la sambusa.

"Dada, leo vipi? Una-look kama mtu wa msibani."

"Kula sambusa zako," nikamwambia.

Carla akafungua pipa. Bwana Ettore akachovya vidole, akasugua viganja, akafunika pua. Sikuinua macho. Nilijua ananitafuta, nilihisi kabisa, na nilikaza shingo nikaendelea kuangalia viatu vyangu. Akachelewa hadi watu wakaanza kukohoa.

Kisha nikamsikia akisema, "Carla, njoo."

Nikatazama. Alikuwa amenyoosha mikono yake mbele, viganja juu, kama mtu anayeomba.

"Mwanangu, mimi sinusi," alisema. "Tangu ule ugonjwa sinusi kitu, hata moshi. Pakanga niliichelewesha mimi, Jumamosi ile, kwa sababu niliona aibu kukwambia. Mimi sina neno la kusema hapa. Nusa wewe, useme."

Hakuna aliyesogea. Carla alimwangalia baba yake, na niliona kwamba kwa muda ule alikuwa amesahau pipa kabisa. Akaishika ile mikono. Akainamisha uso ndani yake, akakaa humo, akavuta pumzi, akatulia, akavuta tena. Sote tulitaka aseme Ndiye. Nakiri hata mimi, niliyejua, moyoni nilikuwa naomba niwe nimekosea. Jambo lingekuwa rahisi, tungekula sambusa tukaenda nyumbani.

Akainua uso. Macho yalikuwa yamejaa.

"Siye," alisema. "Pakanga imewafunika wote. Machungwa siyasikii kabisa, Baba. Yapo chini, lakini siyasikii."

Bwana Ettore akaanza kulia. Si kwa sauti, mabega tu yalikuwa yanatikisika. Carla akamkumbatia, na vile viganja vyenye amaro vikabaki mgongoni mwake vimelowesha blauzi.

"Una pua," baba akawa anamwambia. "Una pua, mwanangu. Nonna angesema hivyohivyo."

Tulilimwaga pipa jioni ileile, sote, ndoo kwa ndoo. Harufu ilijaa uani hadi majirani wakafungua madirisha. Bwana Jayanti, ambaye hatoi machozi hovyo, alisema ni vumbi. Tulipomaliza, Carla alikaa juu ya pipa tupu, nywele zimemwangukia usoni.

"Wale watu wa fleti wakipiga simu kesho," alisema, "nitawaambia hatuuzi."

"Ulisema likishindwa utauza," nikamkumbusha.

"Nilisema sitaki kubahatisha, Zia. Leo sikubahatisha."

Mwaka ule hatukuuza chupa hata moja. Wenye mikahawa walilalamika, wengine wakahamia kwingine, wengine wakangoja. Tulikaza mikanda. Bwana Ettore aliniomba radhi kwa lile neno la moyo wa jiwe, mbele ya binti yake, nami nikamwambia limekwisha, ingawa halikwisha siku hiyo, liliisha baadaye kidogo. Carla akawa mkuu wangu wa tatu na wa mwisho. Ni mkali. Amenirudisha nyumbani mara moja kwa sababu ya sabuni mpya ya kufulia, na nilikwenda nikinung'unika na kufurahi pamoja.

Sasa nimestaafu, nina kadi yangu ya basi ya wazee, nazunguka London bure. Mjukuu wangu aliyezaliwa na kukulia hapahapa ananielewa ninapomweleza haya, ila hujibu kwa lugha yake.

"So Bibi, you never tasted it? Not even once?"

"Hata mara moja."

"Then how do you know it was good?"

Namwambia kwamba nilijua kwa mikono, na kwamba kazi nyingi duniani ziko hivyo, mtu anapika asichokula, anashona asichovaa. Kanisani bado wapo wanaonitazama kwa pembe ya jicho. Mimi nimelipeleka suala hilo kwa Mungu mwenyewe, tutaonana. Kwenu mnaoanza kazi nina ushauri mdogo tu. Ukiona mkuu wako amepungukiwa na kitu, msaidie, msitiri, lakini usikae mahali pake kwa siri. Anayemfuata anapaswa kujua palipo na pengo.

Niliondoka baada ya Siku ya Kufungua iliyofuata. Siku hiyo Carla alichovya vidole, akasugua, akanusa, akachukua muda wake, kisha akasema "Ndiye" kwa sauti ndogo, na makofi yakalipuka hadi mitungi ikalia. Bwana Ettore alikuwa kwenye kiti pembeni, kashika fimbo. Alipiga makofi na wengine. Halafu, watu walipoanza kujaza chupa na kelele zikapanda, akanivuta mkono.

"Signora," alisema, "niambie inanukaje."

Nikavuta kiti nikakaa. Nikachovya vidole, nikasugua, nikafunika pua, nikaanza kumweleza. Nikamwambia mizizi iko chini, imara, kama udongo wa asubuhi. Karafuu imepita haraka ikaondoka. Machungwa yako juu kabisa, ndiyo ya kwanza kukupokea, na yanakaa. Alikuwa amefumba macho, akiitikia kwa kichwa taratibu kwa kila kimoja.

"Na pakanga?"

"Ipo mahali pake. Haimfuniki mtu."

"Nani aliitoa?"

"Carla. Hakumwuliza mtu."

Akavuta pumzi ndefu kwa pua, akafuta macho kwa kiganja, akaniambia niendelee.